Nyuzi Themanini na Saba

Mwenye macho haambiwi tazama, wanasema.
Mimi nimelipwa mshahara miaka thelathini na mmoja
kuwaambia wenye macho: tazameni.

Jina langu Eleuteria Huallpa. Cheo kilibadilika mara sita,
mkuza mitaala, mshauri wa sayansi, mratibu wa sijui nini,
kazi ikabaki ileile: sanduku la mbao nyuma ya gari,
ndani yake sumaku, lenzi, taa za spiriti,
na themometa kumi na mbili, kila moja na soksi yake ya sufi
niliyoifuma mwenyewe,
maana barabara za nyanda za juu hazina huruma na kioo.

Mwaka wa pili wa kazi, shule moja nje ya Patacamaya,
asubuhi ya baridi ya kupasua midomo,
mtoto Edwin Chuquimia alichemsha maji.
Yakatokota, yakarusha mapovu hadi ukingoni.
Akainamia themometa: themanini na saba.
Akaipangusa kwa mkono wa sweta, akasoma tena.
Kisha akageukia daftari, akaandika: mia moja.

Nikamwuliza, kwa nini?
Akanionea haya, mtu mzima nisiyejua kitu.
"Kitabu kimesema mia."

Kitabu kiliandikwa kando ya bahari fulani,
kikapandishwa kwetu, mita elfu nne kwenda juu,
ambako hewa ni nyepesi na maji hayana subira,
hayangoji mia.
Mama yangu alilijua hilo bila shule.
Maharage yake yalishinda motoni kutwa,
akiyatukana kwa Kiaymara,
akichochea kwa kinyesi kikavu cha lama.

Kosa la kitabu halikuniuma sana.
Liliniuma jicho la Edwin,
lililoona, kisha likaomba radhi kwa kuona.

Basi nikashuka La Paz kubadilisha sentensi moja.
Moja!
Kikao kikazaa kikao, kamati ikazaa kamati ndogo,
waziri akaja, waziri akaenda,
faili langu likabaki na duara la kikombe cha kahawa.
Don Anselmo, bingwa wa mitihani, akanikalisha chini:
"Watoto wa Santa Cruz wapate mia,
wako wapate themanini na saba.
Niambie, bibi, nani atasahihisha?"

Usiku ule sikulala. Hakuwa mpumbavu.
Mezani kwangu mwenyewe palikuwa na rundo la karatasi
na kalamu nyekundu.

Ilichukua miaka kumi na tisa.
Katikati yake nilimpoteza mume, si kwa kifo,
kwa safari zangu.
Soksi nilizifuma upya mara tatu.
Na kitabu kipya kilipotoka, ukurasa wa arobaini na mbili,
mimi niliyepigania sentensi moja
nikakuta wamenipa tatu, fupi kama maagizo ya dawa:

Chemsha maji. Soma kipimo. Andika ulichokiona.

Nilikisoma kituo cha basi, nimesimama.
Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Edwin, nasikia, anauza matairi Oruro.
Sidhani anakumbuka.

Jana ilikuwa ziara yangu ya mwisho. Shule ileile, bati jipya.
Msichana Yhoselin Apaza akasoma themanini na sita na nusu.
Jirani yake akasoma themanini na saba.
"Yako imepasuka!"
"Macho yako ndiyo yamepasuka!"
Wakapokonyana, wakachemsha upya, wakaunguza kidole,
mmoja akasema ni mawingu, leo hewa imekuwa nzito,
mwingine akasema wingu halina uzito, mjinga wewe,
na darasa zima likagawanyika kama bunge.

Mwalimu, kijana wa juzi, akanigeukia
akitafuta jibu usoni mwangu.

Nikainama sandukuni,
nikajifanya natafuta soksi.